Deni la Bodi Nalo Liwe na Mwisho

Mshahara ukiingia, huhitaji kuulizia benki. Simama tu karibu na vibanda vya wakala pale Mwanjelwa jijini Mbeya, au Miyomboni pale Iringa mjini, usikilize walimu, manesi na maofisa ugani wanavyozungumza. Watataja kodi ya nyumba, watataja ada ya mtoto, kisha litakuja lile neno ambalo nimelisikia mpaka limekuwa kama salamu: "Mimi bado nakatwa Bodi." Na mara nyingi anayelisema si kijana aliyevua joho juzi. Ni mtu mwenye mvi, mwenye binti kidato cha sita, na binti huyo mwakani ataomba mkopo wa chuo kwenye Bodi ya Mikopo ileile. Baba hajamaliza, mtoto anaanza.

Niseme msimamo wangu mapema. Mkopo wa elimu ya juu lazima ulipwe. Ile ni fedha ya Watanzania, wakiwemo wakulima wa viazi wa Uporoto ambao hawajawahi kukanyaga geti la chuo kikuu. Dawa ya deni ni kulipa, na sina ugomvi na wahenga katika hilo. Lakini haki ya kudai nayo lazima iwe na muda. Mdai aliyelala, akapoteza kumbukumbu, kisha akabadilisha masharti wakati mkopaji ameshasaini, asiruhusiwe kuamka baada ya miaka ishirini akamshika mtu kana kwamba walikopeshana jana. Na yule aliyekatwa bila kukwepa nusu ya maisha yake ya kazi, ifike siku aambiwe: imetosha.

Miaka ya ukimya

Kijana wa leo huenda hajui deni hili lilivyozaliwa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilibeba gharama za elimu ya juu, na msomi alitarajiwa kulipa kwa kulitumikia taifa. Miaka ya themanini uchumi ulipobana, ikaja sera ya kuchangia gharama. Julai 1994 wanafunzi wakaanza kukopeshwa na wizara fedha za chakula na malazi. Walisaini fomu, bumu likatoka, maisha yakaendelea. Kaka na dada zao walikuwa wamesomeshwa bure katika mabweni hayohayo, kwa hiyo wengi waliichukulia ile fomu kuwa ni utaratibu tu wa ofisi.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianzishwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na ikaanza kazi Julai 2005. Ikapewa majukumu mawili: kukopesha wapya, na kukusanya madeni ya mikopo yote iliyotolewa tangu 1994. Hebu mfikirie aliyemaliza chuo mwaka 1997. Miaka minane ilipita bila Bodi hata kuwapo. Katika miaka minane mtu anaoa, anazika mzazi, anajenga chumba na sebule pale Uyole au Kihesa, anachukua watoto wa marehemu kaka yake na kuwaleta nyumbani. Maisha yake yote ameyapanga kwa mshahara anaouona, na deni hilo halikuwa na sauti mezani pake.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili. Wengi wa wahitimu wale walikuwa walimu na watumishi wa umma. Aliyepangiwa Makete au Ileje alikuwa akilipwa na Hazina kila mwezi, jina lake likiwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali ileile iliyomkopesha. Serikali ilijua shule anayofundisha, daraja lake na siku aliyopandishwa cheo. Ilishindwaje kumpata? Wahenga waliposema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, hawakumwambia mkopaji peke yake. Na mkopeshaji yumo.

Mwaka huohuo wa 2005, Sekondari ya Mkwawa iligeuzwa kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, ili nchi ipate walimu haraka kwa shule za kata zilizokuwa zinakuja. Vijana wa kwanza wa Mkwawa walisoma kwa mkopo wa Bodi mpya na leo wamo kwenye umri wa miaka arobaini. Ndio waliozifungua shule za kata za Kilolo, Mufindi, Mbozi na Chunya, wakifundisha hesabu na fizikia peke yao kwa shule nzima. Nawataja kwa sababu deni hili, tunapolijadili, huwa tunamjadili mtu anayedaiwa na nchi huku nchi nayo ikidaiwa na yeye malimbikizo, posho ya uhamisho na nauli ya likizo. Deni lake linakatwa kabla hajaugusa mshahara. La nchi anaambiwa asubiri bajeti.

Saa iko mahakamani

Tanzania tunayo Sheria ya Ukomo wa Mashauri ya mwaka 1971. Mtu akiikalia ardhi yako, una miaka 12 ya kumshitaki. Ukidai madhara ya kawaida, kama ajali, una miaka 3. Madai ya makubaliano, yaani mtu kakopa na hajalipa, ni miaka 6. Mfanyabiashara wa Sokomatola aliyemkopesha mkulima wa Mbozi mbolea hawezi kunyamaza miaka kumi na tano kisha akaenda kwa hakimu na daftari lililoliwa na mende. Atarudishwa nyumbani. Sheria haikutungwa kuwapenda wadaiwa sugu. Ilitungwa kwa kuwa risiti hupotea na mashahidi hufa, na binadamu anahitaji kujua mambo ya jana yameisha ili apange ya kesho.

Kwa nini basi mnufaika wa 1994 bado anadaiwa leo? Kwa sababu saa ya ukomo imetundikwa mahakamani, na Bodi haina haja ya kwenda huko kumpata mtu mwenye ajira. Sheria imemfanya mwajiri kuwa mkusanyaji. Mwajiri anakata kwenye mshahara, anapeleka, na asipokata anaadhibiwa yeye. Hakuna hakimu anayeuliza deni hili ni la lini, nani aliarifiwa, na hesabu imefikaje hapa. Mtumishi anafungua slipu ya mshahara asubuhi na kukuta mstari mpya.

Silaumu utaratibu wa kukata kwa mwajiri; ni rahisi, na unamwepusha mtu na kishawishi cha kula fedha ya deni. Ninachosema ni kwamba anayepewa mamlaka ya kuchukua bila kupita kwa hakimu, anapaswa kuwekewa kikomo ndani ya sheria yake mwenyewe. Mwenye duka amewekewa. Kwa nini mwenye mkono mrefu zaidi asiwekewe?

Ndoo inayovuja

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Waliosaini wakijua watakatwa asilimia 8 walijikuta kwenye asilimia 15 bila kusaini kitu kingine. Mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 alikuwa akikatwa 64,000. Sasa anakatwa 120,000. Tofauti ya 56,000 kila mwezi ndiyo daftari, sabuni na nauli ya watoto wawili wa sekondari ya kutwa.

Tena kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka. Tupige hesabu ya kawaida kabisa. Deni la shilingi milioni 8 liliongezewa 480,000 kwa mwaka, sawa na 40,000 kwa mwezi. Mtumishi wa mshahara wa msingi wa 400,000, akikatwa asilimia 8, alikuwa akilipa 32,000. Analipa 32,000, linaongezeka 40,000. Mwisho wa mwaka anaomba taarifa ya deni na kukuta limekuwa kubwa kuliko mwaka jana, naye hajakosa mwezi hata mmoja. Huyo alikuwa anachota maji kwa ndoo iliyotoboka, halafu tunamshangaa kwa nini hakimbilii kisimani.

Sifa ipewe inapostahili. Mei Mosi ya mwaka 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo ya asilimia 6, na kuanzia Julai mwaka huo ikaondoka. Adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kuanza kulipa nayo ikafutwa. Walimu ninaowafahamu Gangilonga na Nzovwe walishangilia siku ile kama waliopandishwa madaraja mawili. Lakini nafuu ile ilitoka jukwaani, kwa huruma ya kiongozi. Huruma ni neema, na neema hutegemea nani yuko madarakani. Kaya inahitaji tarehe iliyoandikwa kwenye sheria, ambayo mama anaweza kuizungushia duara kwenye kalenda.

Maana kinachotokea baada ya makato ndicho kinachovunja nyumba. Mshahara ukishatoka kodi, pensheni, bima, chama cha wafanyakazi na asilimia 15 ya Bodi, mtu anagusa ile theluthi ambayo haitakiwi kukatwa zaidi, na benki au SACCOS inamwambia hakopesheki. Mtoto anaumwa. Kuna msiba Tukuyu na mchango unatakiwa leo. Anakwenda wapi? Anakwenda kwa wale tunaowaita kausha damu, wanaodai marejesho kila wiki na kuondoka na televisheni, jiko la gesi na hata magodoro. Nimeona nyumba za walimu zikibaki na mikeka. Mikopo hiyo inasababishwa na mengi, sitaibebesha Bodi yote. Lakini deni lisilo na mwisho linamsukuma mtu kwenye deni lisilo na huruma, na hilo kila mke wa mtumishi wa Nyanda za Juu Kusini atakuthibitishia.

Asiye na mwajiri

Kuna kundi la pili ambalo halina hata slipu. Ni vijana waliomaliza Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, Teofilo Kisanji, Chuo Kikuu cha Iringa au Kikatoliki Ruaha, wakakaa miaka wakituma maombi ya ajira. Sheria inawapa miezi 24 baada ya kumaliza kabla ya kuanza kurejesha. Miezi 24 ni mingi ukiisoma ofisini, na ni michache ukiihesabu kwenye kijiwe cha bodaboda. Aliyejiajiri anatakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato chake au angalau shilingi 100,000 kwa mwezi. Kijana anayelea miche ya parachichi Rungwe, ambayo itachukua miaka kadhaa kabla ya kumpa mavuno ya maana, laki moja ya kila mwezi ataitoa wapi?

Anachofanya ni kujificha. Anabadilisha namba ya simu, anakwepa kazi inayoonekana kwenye vitabu, anafanya biashara kwa jina la mdogo wake. Mwaka 2024 Bodi ilianzisha kampeni ya kuhamasisha wananchi wawafichue wasiolipa, kwa kauli ya "Fichua, kuwa hero wa madogo". Naielewa nia yake. Lakini jirani kumfichua jirani, mwanaukoo kumfichua mwanaukoo, katika miji midogo tunayojuana hivi, kunaacha majeraha ambayo laki moja haiyaponyi. Mtu hujificha deni linapokuwa halina mlango wa kutokea. Mpe mlango, umwoneshe uko wapi na unafunguliwa lini, uone kama hatatoka kichakani mwenyewe.

Nitaulizwa, na ni swali halali: ukiweka ukomo, si utawafundisha watu kujificha mpaka muda uishe? Ndiyo maana ukomo lazima ufungwe kwa masharti. Muda wa mnufaika uanze kuhesabiwa siku anayojitokeza, akatoa namba yake ya kitambulisho cha taifa na anwani yake. Anayejificha, saa yake isitembee. Hili si geni. Hata sheria yetu ya ukomo inasema mdaiwa akilikiri deni au akilipa sehemu, muda unaanza upya. Kwa Bodi iwe hivyohivyo kwa upande wake: saa ianze siku deni linapoiva, na iendelee kutembea kama haijamtafuta mtu ambaye jina lake, mwajiri wake na makazi yake vinajulikana serikalini.

Walivyofanya wengine

Kuhusu madeni ya wanafunzi, dunia imejaribu njia zote mbili. Marekani waliondoa ukomo mwaka 1991. Mikopo ya masomo ya serikali kuu ikawa haizeeki. Mwaka 2005, katika shauri la James Lockhart, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba serikali inaweza kukata mafao ya uzeeni ya mtu kufidia mikopo ya masomo iliyopita miaka kumi. Yaani mzee anakatwa fedha ya dawa kwa ajili ya vitabu alivyosoma akiwa kijana. Uingereza walichagua njia nyingine: mkopo wa serikali unafutwa baada ya miaka kadhaa, 25 au 30 kwa makundi ya nyuma, na 40 kwa walioanza chuo tangu Agosti 2023. Miaka 40 ni mirefu mno kwa maoni yangu, ila ipo, imeandikwa, na mtu anaijua siku anaposaini.

Jirani zetu Kenya wana Bodi yao tangu 1995, nayo ina faini za ucheleweshaji zilizowatesa wengi. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba riba na nyongeza juu ya mkopo wa mwanafunzi zisipite kiasi cha deni la msingi. Ulikopa laki mbili, nyongeza zote zikifika laki mbili zinasimama. Kanuni hiyo ilikuwapo kwa mabenki. Mahakama ikasema mwanafunzi asipate ulinzi mdogo kuliko mteja wa benki. Sioni kwa nini hoja hiyo isivuke Namanga.

Mtoto wa Makete anasubiri

Hoja nzito dhidi yangu ni ya mtoto ambaye hajaingia chuo. Mfuko huu unazunguka. Anachorejesha mwalimu wa Mufindi leo ndicho kitakachomsomesha binti wa Makete kesho, na kuna yatima wa huko ambao bila mkopo safari yao inaishia kidato cha sita. Tukianza kusamehe, tunamsamehe nani kwa fedha ya nani? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi sitaki kuutupa mzigo wa yule binti kirahisi kwa kuwa sijaubeba.

Lakini tuangalie fedha iko wapi. Madeni ya miaka ya tisini yalikuwa ya chakula na malazi, kwa shilingi za wakati ule. Fedha kubwa ya leo iko kwa waliomaliza miaka ya karibuni, ambao simu zao bado ni zilezile, barua pepe zao zinafanya kazi, na vitambulisho vyao vimeunganishwa na mifumo ya kodi. Siku, mafuta na mshahara wa ofisa anayetumwa kumsaka mzee wa 1996 vingetumika kumfikia kijana wa juzi kabla deni halijamkimbiza. Mkopeshaji anayejua muda wake una mwisho huamka mapema, hutuma taarifa kila mwaka, hurekebisha makosa ya hesabu yakiwa mabichi. Asiyekuwa na mwisho wa muda ana sababu gani ya kuharakisha? Binti wa Makete anasaidiwa zaidi na Bodi yenye haraka kuliko Bodi yenye kumbukumbu ndefu.

Iandikwe namna hii

Ningepewa nafasi mbele ya kamati ya Bunge, ningeomba haya. Bodi ikinyamaza miaka 6 tangu deni kuiva, wakati mhusika hajajificha, ibaki na haki ya fedha ya msingi tu. Ikinyamaza miaka 12, muda uleule tunaompa mwenye ardhi, deni life. Nyongeza zozote zitakazobuniwa siku za usoni, na uzoefu unaonesha tozo ikifutwa mlangoni hurudi dirishani kwa jina jingine, zisizidi deni la msingi. Mwajiri aliyekata na asiwasilishe adaiwe yeye. Slipu ya mshahara iwe risiti tosha kwa mfanyakazi. Hili la mwisho linawahusu sana wanaofundisha shule binafsi, ambao hukatwa miaka kisha wakaambiwa kwenye kumbukumbu za Bodi hawajawahi kulipa hata senti.

Na aliyekatwa miaka 20 bila kukwepa, awe huru. Asilimia 15 kwa miaka 20 ni mshahara wa msingi wa miaka mitatu kamili. Kwa yule mwalimu wa 800,000, hata kama asingepanda daraja kamwe, ni shilingi milioni 28.8. Kama fedha hiyo haijatosha kulipia shahada ya ualimu, basi tatizo liko kwenye hesabu, na hesabu hiyo isipelekwe kwake.

Haya yana haraka. Waliosaini fomu za kwanza mwaka 1994 walikuwa na miaka ishirini na kitu. Mwanzoni mwa muongo wa 2030 wataanza kufikisha miaka 60 na kustaafu kwa lazima, wakirudi Kyela, Ludewa na Ifunda na kiinua mgongo ambacho tayari kimegawanywa kichwani: bati la nyumba, ng'ombe wawili wa maziwa, ada ya mjukuu. Sheria iliyopo haijawaambia mstaafu huyo na mke wake kwamba deni linakoma siku anayokabidhi ofisi. Wabunge wa Mbeya na Iringa wengi ni watoto wa mikopo hiyohiyo, na wanayajua majina ya walimu wao waliobaki vijijini. Muswada wa kuweka ukomo uletwe bungeni kabla mwalimu wa kwanza kati ya hao hajafika kwenye dirisha la pensheni.